Maswali ya baiskeli: mlima unapanda kwa miguu, unashuka kwa breki

Mfuko wa wiki hii umejaa, na kama kawaida nusu yenu mnauliza baiskeli gani ni nzuri. Nachagua swali moja la namna hiyo. Wengine jibu lenu ni hilohilo.

Nina laki 3 mkononi. Ninunue baiskeli gani ya kutembelea milima ya Mbeya siku za mapumziko? (Msomaji, Forest Mpya)

Tafuta mtumba wa gia, fremu isiyo na ufa, saizi ya miguu yako. Zile za Japani zenye kikapu mbele na gia moja waachie watu wa tambarare. Zaidi ya hapo sina ubishi wa aina. Ubishi wangu ni namna mnavyonunua. Mtu anafika kwa muuzaji, anapiga kengele, anabonyeza kiti, anahesabu gia, analipa. Breki hajazitazama hata mara moja! Geuza baiskeli matairi juu. Angalia mipira ya breki: uso ukiwa mkavu na unang'aa kama kigae, mpira umekwisha hata kama bado ni mnene. Zungusha gurudumu; rimu ikiyumba kulia na kushoto, breki itakuwa inashika na kuachia. Vuta mkono wa breki kwa nguvu. Mkono huo ukigusa usukani, kaza waya au rudisha mali ya watu. Gia zikikushinda mlimani utashuka usukume, na hakuna mtu aliyewahi kuzikwa kwa sababu ya kusukuma baiskeli.

Naweza kufika Ziwa Ngozi kwa baiskeli? (Msomaji, Iyunga)

Ziwani, hapana. Utafika hadi chini ya mlima ukitokea Isongole. Kutoka hapo ni kijia cha msituni, mizizi na utelezi mpaka ukingo wa kreta. Baiskeli iache kwa mwenyeji kijijini, na mpe chochote. Chukua na mtu wa kukuongoza.

Hukuniuliza kuhusu ukungu, lakini nitakwambia. Ukishapita Igawilo kupandisha njia ya Tukuyu, ukungu unaweza kukufunika saa 4 asubuhi. Washa taa nyekundu ya nyuma. Wapo wanaonicheka kwamba taa ni ya usiku. Dereva wa Kosta aliyemo ndani ya wingu hana habari kama ni mchana.

Nilisoma Uholanzi miaka miwili, Jumapili tulikuwa tunaendesha kando ya mifereji na kwenye bustani za mji. Mbeya tuna nini cha kulinganisha? (Msomaji, Uzunguni)

Kwa bustani za mji, ndugu yangu, hapo tumefeli mtihani, wala sitakudanganya. Tuna mitaa yenye miti huko kwenu Uzunguni, basi. Asubuhi ya Jumapili kabla ya kengele za kanisa ni mahali pazuri pa kumfundishia mtoto.

Lakini mifereji tunayo, tena ya kutosha, ila haiko mjini. Iko Usangu. Panda Kosta asubuhi hadi Igurusi au usogee hadi Rujewa, gurudumu la mbele limefunguliwa, baiskeli imelazwa juu ya keria au nyuma ya viti. Patana nauli ya baiskeli kabla gari halijaondoka, si mkiwa Uyole. Ukiwa Mbarali, kwenye skimu ya mpunga iliyojengwa kwa msaada wa Wachina miaka ya 1970, utakuta matuta ya mifereji yamenyooka mpaka macho yanachoka. Upande mmoja maji, upande mwingine majaruba, na yangeyange weupe wanakufuata nyuma kama wanakudai. Hakuna mlima. Hata mimi, mtu wa kulalamika, siku hiyo huwa sina la kusema.

Sasa masharti. Tuta si mali yako ya starehe, ni njia ya kazi: shuka ukikutana na ng'ombe, shuka ukikutana na mama mwenye gunia kichwani, na omba ruhusa unapoingia kwenye shamba la watu. Mageti ya maji usiyaguse. Kuna watu wanagombana usiku kucha kwa zamu ya maji, na maji hayohayo Hifadhi ya Ruaha inayasubiri, bwawa la Mtera linayasubiri. Usiogelee wala kunawa miguu humo. Mifereji ya mpunga na kichocho ni majirani wa siku nyingi. Nenda kiangazi, Julai hadi Septemba. Masika ule udongo mweusi wa mbuga unajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, utabeba baiskeli begani kama jeneza. Nimeibeba.

Kamwene! Sisi wa Iringa unatusahau. Tupe njia ya Jumapili. (Msomaji, Kihesa)

Kamwene. Siwasahau, ninyi ndio mnaosahau kwamba mji wenu uko juu ya kilima. Kila njia nzuri ya Iringa inaanza kwa kuteremka, halafu saa 8 mchana, miguu imekwisha na jua limewaka, ndipo mnagundua kwamba nyumbani ni juu. Kwa hiyo tunza nguvu za kurudia.

Nendeni Kalenga, kilometa 15 hivi, barabara ya kuelekea Hifadhi ya Ruaha. Ndiyo iliyokuwa ngome ya Mkwawa hadi Wajerumani walipoibomoa kwa mizinga mwaka 1894. Fuvu lake lilirudishwa mwaka 1954 na limo kwenye makumbusho pale. Lipeni kiingilio, mwacheni mwongoza wageni amalize maelezo yake, na mvue kofia za baiskeli mkiingia. Juzijuzi niliwaona vijana wanapiga picha mbele ya fuvu huku wametoa ulimi. Babu yao angewachapa.

Isimila pia inapendeza, zile nguzo za mchanga na zana za mawe za watu wa kale, kilometa 20 kutoka mjini. Tatizo ni kwamba iko njia ya Mbeya, yaani barabara kuu, na magari ya IT, yale yanayopelekwa nchi jirani, yanayokimbilia Tunduma hayatambui Jumapili. Nendeni alfajiri, mmoja nyuma ya mwenzake. Wawili sambamba mkipiga soga ni ujinga. Kurudi, mkivuka Ipogolo mtaukuta ule mlima wa kuingia mjini unawangoja. Sukumeni.

Kinywaji cha kuongeza nguvu kinasaidia kupanda? (Msomaji, Mafinga)

Kinasaidia kutafuta choo. Maji, ndizi mbivu, chumvi kidogo.

Mbona barabara ya Chunya unaipiga vita kila mara? Lami nzuri, mandhari nzuri, magari machache. (Msomaji, Isanga)

Lami nzuri ndiyo ugonjwa wenyewe. Mtu anapanda taratibu kupitia msitu wa Kawetere, anasukuma, anapumzika, anafika kule juu penye mita 2,400 hivi kutoka usawa wa bahari, Usangu yote imelala miguuni pake. Anapiga picha. Halafu anarudi mjini, kwenye mita 1,700, kwa breki alizonunua bila kuzitazama.

Nazungumza kwa sababu nilikuwa mtu huyo. Siku moja kabla fundi mmoja alikuwa amenifungia mipira mipya, nami nikaondoka bila kukagua. Kila kishikio cha mpira, kwa mipira ile ya kutelezeshwa ndani ya chuma, kina upande mmoja uliofungwa na mmoja ulio wazi. Uliofungwa lazima utazame mbele, kwa sababu gurudumu linauvuta mpira kwenda mbele. Wangu wa nyuma ulifungwa kinyume. Kona ya tatu nikavuta breki, nikasikia *tap*, mpira ukaruka majanini, nikabaki na chuma kinakwangua rimu. Nikang'ang'ania breki ya mbele bila kuiachia. Rimu ikapata moto, gundi ya kiraka kwenye tyubu ikalegea, tairi ikaisha upepo kona ya tano. Nilisimama katikati ya shamba la viazi, kifua chini. Nilipogusa rimu ili nifungue tairi, kidole kilitoka lengelenge. Mama mwenye shamba aliegemea jembe akaniangalia, akauliza, "Mwanangu, huko unakokimbilia kuna nini?"

Mpaka leo sijapata jibu la kumpa.

Basi sikiliza. Usishikilie breki moja muda wote: vuta, achia, badilisha mbele na nyuma, rimu ipate kupoa. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Rudisha makalio nyuma ya kiti. Mvua ikinyesha, mizunguko ya kwanza breki inafuta maji tu, haijaanza kazi, kwa hiyo anza kuvuta mapema. Kila baada ya kilometa 3 simama, sogeza kiganja karibu na rimu. Ikikuunguza kabla hujaigusa, kaa chini ule ndizi.

Shikamoo. Natoka Dar mwezi wa 12 na rafiki zangu, tunataka Kitulo kwa baiskeli, siku moja tu. (Msomaji, Kimara)

Marahaba. Siku moja haitoshi. Mnatoka usawa wa bahari kwenda kwenye mita 2,600; pumzi zenu zitabaki Chimala. Laleni Mbeya siku 2 kwanza. Mwezi mmeuchagua vizuri kwa maua, maana huchanua wakati wa mvua, ila mvua hiyo itawanyeshea na ninyi. Bebeni koti la mvua na glavu. Ile njia ya Chimala kupanda Matamba ina kona 57, watu wanaiita Hamsini na Saba. Pandeni na gari, na kushuka pia shukeni na gari, mpaka mtakapokuwa mmesoma jibu la Chunya hapo juu mara mbili. Piteni ofisi ya hifadhi Matamba, lipeni, waelezeni askari kwamba mna baiskeli.

Na msing'oe kitu. Mizizi ya okidi za Kitulo ilichimbwa kwa magunia ikavushwa Zambia kutengenezea chikanda, chakula cha kule, na hilo ni moja ya mambo yaliyofanya eneo litangazwe hifadhi mwaka 2005. Mtu wa Kimara hana sababu ya kurudi na ua kwenye chupa.

Mimi ni mama wa watoto 2, nikipita na baiskeli bodaboda wananizomea. Nifanyeje? (Msomaji, Tukuyu)

Endelea kupita, dada yangu. Baada ya miezi miwili watachoka. Ila kanga ifunge vizuri upande wa mnyororo, hiyo ndiyo adui wa kweli.

Baiskeli yangu inalia kwichi kwichi nikikanyaga. (Msomaji, Mwanjelwa)

Mnyororo umekauka. Matone machache ya mafuta ya cherehani, zungusha pedali, futa yaliyozidi. Kitambaa hicho kisikaribie rimu.