Maana ya "predeceased" kwenye tangazo la kifo

Swali ni nani alikufa kwanza, mume au mke, tangazo la Kiingereza likisema marehemu "was predeceased by his wife": mke ndiye aliyetangulia. Maana yake, mke wa marehemu alifariki kabla yake. Likisema "he predeceased his wife", mume ndiye aliyetangulia na mke ni mjane. Kinachowachanganya wengi ni hiyo "was ... by", kwa hiyo isomeni polepole kabla hamjamwandikia rambirambi mtu ambaye hayupo. Magazeti ya Marekani huandika pia "preceded in death by", maana ileile. Walio hai hutajwa baada ya "survived by".

"Predeceased" ni neno la mirathi pia. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Urithi ya Kenya (Sura ya 160) hulitumia kwa mtoto aliyekufa kabla ya mzazi asiyeacha wosia: wajukuu huchukua fungu la mzazi wao. Ukiligeuza hapo, unamnyima yatima haki yake. Kwa Waislamu, mgawanyo hufuata sheria ya Kiislamu, si kifungu hicho.

Kwenye mazungumzo ya kawaida halifai, ni zito mno. "Died before him" inatosha.