Kwa nini jibu moja linakataliwa kwenye |x − 2| = 2x + 5

Mkuu, umeuliza kwa nini mdogo wako kapata −7 na −1 kwenye |x − 2| = 2x + 5, hatua zote ziko sawa, halafu mwalimu kakubali −1 tu. Mwalimu yuko sahihi. Nafundisha tuisheni ya hisabati kwa vijana wa sekondari na swali hili linarudi kila mwaka, kwa hiyo niruhusu nilijibu kwa kirefu.

Tatizo linaanzia kwenye ile sheria ya "futa alama ya kutoa" tunayofundishwa kwa vile vistari viwili vya wima, | | (kwa Kiingereza absolute value). Kwa namba tupu inatosha: |−6| ni 6, tumemaliza. Ila x ikishaingia ndani ya vistari, hujui kama kilichomo ni hasi au chanya, sasa utafuta nini? Mimi huanza na umbali. |x| ni umbali wa x kutoka sifuri, na |x − 3| ni umbali kati ya x na 3. Vistari hivi aliviingiza Mjerumani Karl Weierstrass mwaka 1841, na vinatumika mpaka kwenye namba changamano (zile zenye mzizi wa pili wa −1 ndani yake), ambako hakuna hasi wala chanya ya kufuta. Kule kinachobaki ni umbali tu.

Chukua |x − 3| = 5. Mwambie achore mstari wa namba, aweke ncha ya kalamu kwenye 3, ahesabu hatua 5 kulia: anafika 8. Arudi kwenye 3, ahesabu 5 kushoto: anafika −2. Majibu ndiyo hayo, 8 na −2, na ameona kwa macho kwa nini ni mawili. Akishaelewa hapo ndipo namwonyesha namna ya kuandika, yaani kugawa njia mbili: x − 3 = 5 au x − 3 = −5.

Kukiwa na vitu vingine nje ya vistari, viondoe kwanza. 3|2x − 1| + 4 = 19: toa 4, gawanya kwa 3, inabaki |2x − 1| = 5, na x ni 3 au −2. Usigawe njia mbili kabla vistari havijabaki peke yake. Na |x + 4| + 9 = 2? Inabaki |x + 4| = −7. Umbali hauwi hasi, kwa hiyo hakuna jibu, aandike hivyo na aende swali linalofuata. Nimeona vijana wakijaza nusu ukurasa kutafuta kitu ambacho hakipo.

Sasa swali lenu. Kwenye |x − 2| = 2x + 5, upande wa kulia nao una x, kwa hiyo hujui kama ni hasi au la. Ukigawa njia mbili, x − 2 = 2x + 5 inatoa −7, na x − 2 = −(2x + 5) inatoa −1. Lakini ile kugawa ni halali pale tu 2x + 5 ikiwa sifuri au zaidi, maana ndiyo inayosimama mahali pa umbali. Weka −7: kushoto ni |−9|, yaani 9, kulia ni −14 + 5, yaani −9. Haviko sawa. Weka −1: kushoto 3, kulia 3. Ndiyo maana likabaki moja. Kupandisha pande zote kipeo cha pili nako hakumwokoi, kwa sababu 9 na −9 zikipandishwa zote ni 81, na −7 inapenya tena. Dawa ni kurudisha kila jibu kwenye swali la mwanzo, siyo kwenye mstari wa katikati.

Ninachokipenda zaidi ni pale vistari vikiwa jozi mbili. |x − 1| + |x − 5| = 10 kwa njia ya vitabuni ina sehemu tatu za kuchambua. Kwa umbali ni hivi: kutoka 1 hadi 5 ni 4. Ukisimama popote katikati yake, jumla ya umbali wako kwa hizo mbili ni 4 ile ile. Tunataka 10, kwa hiyo lazima utoke nje. Ziada ni 6, na kila hatua ya nje inaongeza 2, kwa kuwa unaziacha zote mbili. Basi toka hatua 3: −2 upande mmoja, 8 upande mwingine. Ingekuwa = 4, kila namba kuanzia 1 hadi 5 ni jibu. Ingekuwa = 3, hakuna.

Mpe hili ajaribu bila kumsaidia: |x + 2| + |x − 4| = 10. Aanze na kuiona x + 2 kama x − (−2). Weka alichopata hapa pamoja na mchoro wake, nitakagua.