Kuunga kichwa na tela kwenye yadi finyu
Ndugu, umeuliza utaungaje tela na kichwa cha lori katika yadi isiyokuruhusu kurudi nyuma ukiwa umenyooka tangu mbali. Kuanza kwa pembe si kosa, ilimradi mita chache za mwisho ziwe zimenyooka. Simama kabla sahani, yaani bamba lililo nyuma ya kichwa linalobeba tela, haijaingia chini ya tela, vuta breki ya maegesho, kisha ushuke uangalie kimo, kwa sababu tela iliyoinuliwa mno hupitisha pini yake ya chini juu ya taya za sahani zinazopaswa kuifunga, na kugonga kabini. Utingo asikae kati ya kichwa na tela kamwe. Ukishasikia mlio wa kufunga, vuta mbele taratibu huku tela ikiwa imeshika breki, halafu umulike kwa tochi uone taya zimeikumbatia pini. Mlio peke yake uliwahi kunidanganya. Miguu ya tela ipandishwe baada ya hapo.