Msiyaruke Majina Yale

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Unasema kikundi chenu cha Biblia kimefika 2 Samweli 23, na mwenzenu mmoja ametoa wazo kwamba ile orodha ya mashujaa wa Daudi kuanzia mstari wa 24 mwiruke, muingie sura ya 24 moja kwa moja, kwa sababu pale hakuna habari, ni majina matupu. Wiki ijayo zamu ya kuongoza ni yako, na unaniuliza kama kweli yana faida yoyote.

Yanayo, tena kubwa. Msiyaruke.

Visa vya mwanzo wa sura hiyo najua hamtavipita, maana vina utamu wake. Yuko Eleazari mwana wa Dodai, aliyepigana na Wafilisti mpaka mkono ukagandamana na upanga. Wenzake waliokuwa wamerudi nyuma wakaja baadaye kuokota nyara tu. Wako wale watatu waliopenya kambi ya Wafilisti kwenda kuchota maji ya kisima cha Bethlehemu, kilicho karibu na lango, kwa sababu tu Daudi alisikika akiyatamani. Kutoka pango la Adulamu, alikokuwa Daudi, hadi Bethlehemu ni kama kilomita 20, njia ya milima, na kurudi ni hivyo hivyo. Walipomletea hakuyanywa. Aliyamimina mbele za Bwana, akasema ni damu ya watu waliohatarisha maisha yao. Kisa hiki kimehubiriwa sana, sikiongezei neno.

Mimi ninayempenda ni Shama mwana wa Agee. Wafilisti wamekuja, watu wamekimbia, yeye akasimama katikati ya konde la dengu akalilinda. Nimesikia watu wakicheka: shujaa gani huyo wa kufia dengu? Wasome 1 Samweli 23, habari za mji wa Keila, waone Wafilisti walivyokuwa wakipora nafaka kwenye viwanja vya kupuria. Walijua msimu. Walimwacha mkulima alime, apalilie, na mazao yakishakomaa ndipo wanatokea. Ukipoteza konde wakati huo, watoto hawana cha kula hadi mavuno mengine. Shama hakuwa anagombania sifa, alikuwa anagombania chungu cha mtu. Ukifungua 1 Mambo ya Nyakati 11 utakuta tukio linalofanana na hilo, ila konde ni la shayiri na anayetajwa ni Eleazari. Wakikuuliza, waambie ndivyo vitabu hivi viwili vilivyo. Hata idadi ya waliouawa na mkuu wa wale mashujaa watatu wa juu kabisa, kimoja kinasema 800 na kingine 300. Msipoteze jioni nzima hapo.

Benaya naye mtamwona. Aliteremka shimoni siku ya theluji akaua simba, kisha akamwendea Mmisri mwenye mkuki yeye akiwa na fimbo tu, akampokonya mkuki wake na kumuua nao. Vijana watampenda. Wakumbushe kwamba huyo huyo, katika 1 Wafalme 2, ndiye anayetumwa na Sulemani kuwaua Adoniya, Yoabu na Shimei, kisha anapewa cheo cha Yoabu cha ujemadari. Ushujaa wa shimoni na kazi ya mnyongaji wa ikulu vimo ndani ya mtu mmoja.

Sasa twende kwenye majina matupu.

La kwanza ni Asaheli, ndugu ya Yoabu. Huyu aliuawa na Abneri, jemadari wa upande wa Sauli, kule Gibeoni, katika 2 Samweli 2, kabla Daudi hajatawala Israeli yote. Kwa hiyo orodha hii ina wafu ndani yake. Haikuandikwa kama daftari la mahudhurio ya siku moja. (Na kwa kuwa mimi ni mama, niseme na hili: Asaheli, Abishai na Yoabu katika Biblia nzima wanaitwa wana wa Seruya, na Seruya ni mama yao, dada yake Daudi. Baba yao wala hatajwi jina.)

Halafu angalia makabila. Seleki ni Mwamoni. Igali ametoka Soba, upande wa Shamu. Wako watu wa Benyamini, kabila la Sauli aliyekuwa akimwinda Daudi. Nyakati inaongeza Ithma, Mmoabi. Mfalme aliyepigana na Wamoabi na Waamoni alikuwa nao humo humo miongoni mwa watu wake wa karibu.

Ukifika mstari wa 34, punguza mwendo. Hapo ameandikwa Eliamu, mwana wa Ahithofeli Mgiloni. Kisha mstari wa 39, jina la mwisho kuliko yote: Uria, Mhiti. Baada yake kuna jumla tu, watu 37.

Wape watu dakika wageuze hadi sura ya 11, mstari wa 3. Daudi ameona mwanamke akioga, ameuliza ni nani, na anajibiwa: huyo ni Bathsheba, binti Eliamu, mke wa Uria Mhiti.

Unaona, mwanangu? Tangu utoto tumezoea kusikia kwamba Daudi alimchukua mke wa askari fulani. Hakuwa askari fulani. Alikuwa mmoja wa wale watu wachache ambao mfalme aliwajua kwa majina, na nyumba yake ilionekana kutoka juu ya dari la ikulu. Na ikiwa Eliamu wa sura ya 11 ndiye Eliamu wa orodha, kama wengi wanavyosoma, basi baba wa yule mwanamke naye alikuwa shujaa wa Daudi. Jibu la yule mtumishi lilikuwa onyo la kutosha. Daudi akaendelea.

Ukishika uzi huo, Ahithofeli naye anaanza kueleweka. Mshauri ambaye neno lake lilihesabiwa kama neno la Mungu anamwacha Daudi ghafla na kumfuata Absalomu, mwana wa mfalme aliyeasi. Anamshauri Absalomu awaingilie masuria wa baba yake mbele ya watu wote, na hema linapigwa juu ya dari. Dari lile lile! Kisha anaomba apewe watu 12,000 amfuatie Daudi usiku huo huo, amuue mfalme peke yake. Huyo ana jambo moyoni. Kama Bathsheba ni mjukuu wake, jambo lenyewe tunalijua. Biblia haisemi hivyo waziwazi, kwa hiyo nawe useme "huenda", usije ukamfanya mtu aondoke akiamini ni andiko.

Linganisha na Nyakati. Kule Uria yumo, lakini baada yake yanafuata majina mengine 16, kwa hiyo anamezwa katikati. Eliamu mwana wa Ahithofeli hayumo kabisa. Na habari ya Bathsheba na dari haisimuliwi. Mwandishi wa Samweli yeye aliipanga orodha ikaishia kwa Uria, msomaji akiwa bado ana ladha ya maji ya Bethlehemu mdomoni. Daudi aliyekataa kunywa maji kwa sababu ni damu ya watu wake ndiye aliyemkabidhi Uria barua ya kifo chake mwenyewe aipeleke kwa Yoabu. Mimi siamini kwamba mpangilio huo ulitokea tu.

Umeuliza pia mbona Yoabu, jemadari mwenyewe, hana nafasi yake kwenye orodha. Ndugu zake wawili wamo, hata mchukua silaha zake, Naharai, yumo. Wako wanaosema alikuwa juu ya wote kwa hiyo hakuhitaji kuandikwa, na wapo wanaomhesabu ndiye wa 37. Kwangu mimi, aliyeipokea ile barua akaitekeleza bila kuuliza hakustahili kuwekwa na Uria kwenye karatasi moja. Baba yako anabisha, anasema amri ya mfalme haina kuuliza. Watupie swali hilo mwishoni, halafu unieleze walioniunga mkono ni wangapi.

Wasalimie wote nyumbani.

Mama yako