Msiuvue Udongo Nguo Yake: Majibu ya Bustani za Kipupwe

Nyanya zangu zilishaanza kuzaa. Jumapili nimeamka nikazikuta nyeusi, zimelegea kama zimemwagiwa maji ya moto. Ni ugonjwa gani? (Makambako)

Pole sana. Si ugonjwa, ni sakitu, yaani umande ulioganda kwa baridi kali. Usiku usio na wingu wala upepo, ardhi hupoa upesi, na hewa ya baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kutuama mabondeni kama maji. Nyanya zilizoungua hivyo hazirudi, zing'oe. Kama kuna zilizopona, mwagilia asubuhi, maana udongo wenye unyevu hutunza joto la mchana. Kabla jua halijazama simika vijiti, tandika shuka kuukuu juu yake lisiguse majani, ufunue kukipambazuka. Mparachichi mchanga ukiungua ncha, usiukate sasa. Majani yaliyokufa yanakinga machipukizi ya chini. Subiri Septemba. Na mwakani, Juni na Julai bondeni panda kabichi, njegere na sukuma wiki. Nyanya zina msimu wake.

Mbolea gani ni nzuri? (Mbeya)

Nzuri kwa kitu gani? Swali hili linaletwa tena na tena, halisemi zao wala udongo. Daktari hakupi dawa kabla hujamwambia unaumwa wapi. Taja zao, umri wake na majani yanavyoonekana, nitakujibu.

Majani yanadondoka, uwanja unachafuka. Niyachome asubuhi au jioni? (Iringa)

Usiyachome kabisa. Ukiyachoma, sehemu kubwa ya naitrojeni, chakula cha mimea, inaondoka na moshi, unabaki na majivu na kikohozi cha watoto. Kisha unafagia mpaka udongo unang'aa, na mvua ya kwanza ya Novemba inaukuta uchi, inaubeba hadi mtaroni.

Juzi nimefunua majani ya mwaka jana chini ya mpea wangu. Ya juu yalikuwa makavu, yanavunjika. Ya chini yalikuwa meusi, laini, yana nyuzi nyeupe za kuvu, na katika kiganja kimoja cha udongo walikuwemo nyungunyungu wanne. Sijanunua kitu. Hatua kumi kutoka hapo kuna uwanja unaofagiliwa kila alfajiri, na mizizi ya mparachichi imetoka nje kama mishipa ya mkono wa mzee.

Najua mnaogopa nyoka. Fagieni mbele ya mlango na njia ya chooni. Yanayobaki yarundikeni chini ya miti, mbali kidogo na shina ili gome lisioze, au changanyeni na samadi mpate mboji. Kwa baridi yetu itachukua miezi mingi. Ivumilieni.

Nataka kivuli cha haraka uani. Mkaratusi unafaa? (Mafinga)

Hapana. Mti huo utakunywa maji ya bustani nzima.

Nataka okidi za Kitulo nizipande barazani. Nizichimbe lini? (Mbeya)

Usizichimbe. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na kuchimba mimea humo ni kosa. Isitoshe, okidi za ardhini huishi kwa kutegemea kuvu wa udongo wake. Kwenye kopo zitakufa mbele ya macho yako. Tayari zinaumizwa vya kutosha na biashara ya viazi vyake, chikanda, vinavyovushwa kwenda Zambia. Nenda msimu wa mvua uzione zimechanua kwao. Barazani panda waridi.

Jioni tunakaa uani na wageni, tunaota moto. Baridi ikizidi tunaingia na jiko la mkaa sebuleni. Halitaathiri maua ya ndani? (Njombe)

Mama, acha habari ya maua. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, na inaua familia nzima usingizini. Liacheni nje hata likibaki na makaa mawili mekundu. Dirisha lililofunguliwa kidogo halitoshi. Jifunikeni blanketi, chomeni viazi kwenye jiko huko huko nje, mkiingia ndani jiko libaki uani. Majivu yake, yakishapoa kabisa, nyunyizeni kidogo tu kwenye kabichi.