Kabla Hujailaumu Simu, Iulize Seva

Mwaka 2014 nilitengeneza programu ndogo ya Android kwa ajili ya kikundi cha kuweka na kukopa cha mtaani kwetu. Play Store sikuigusa: kufungua akaunti kulihitaji dola 25 zilipwe kwa kadi, na kadi yenyewe sikuwa nayo. Nikapandisha faili la .apk, yaani faili la kusakinishia programu za Android, kwenye tovuti ya kikundi, nikawatumia wanachama linki.

Haikupita nusu saa, mweka hazina akanipigia. "Mwanangu, nimebonyeza kama ulivyosema, lakini simu inaniletea maandishi ya kijini."

Nikamfuata dukani kwake. Kweli bwana, kioo kilikuwa kimejaa vimraba na alama za kuuliza, na juu kabisa, mwanzo wa yote, herufi mbili zinasomeka vizuri: PK. Hapo nikaelewa. PK ni alama ya mwanzo ya faili la zip (furushi la mafaili yaliyobanwa pamoja), na .apk kwa ndani ni zip tu. Kwa hiyo faili lilifika salama, ila simu iliambiwa ni maandishi ikayaonyesha kama maandishi.

Aliyeiambia ni seva, kompyuta inayotunza tovuti na kuwatumia watu mafaili yake. Kila inapotuma faili, seva hutanguliza mstari wa Content-Type unaosema hiki ninacholeta ni kitu gani. Hosti yangu (kampuni inayonikodisha seva) ya bei rahisi ilikuwa na Apache, programu inayoendesha seva, toleo la zamani la 2.2, ambayo ikikutana na faili isilolijua husema text/plain, yaani maandishi matupu. Dawa ilikuwa mstari mmoja kwenye .htaccess, faili la maelekezo kwa Apache linalokaa ndani ya folda la tovuti:

AddType application/vnd.android.package-archive .apk

(Mstari huo usipofanya kazi, muulize mwenye hosti kama AllowOverride, mpangilio unaosema .htaccess iruhusiwe kubadili nini, inaruhusu FileInfo. Isiporuhusu, utaandika hadi uchoke.)

Nikarudi kwa yule mama mweka hazina nikijiamini. Akabonyeza. Majini yale yale! Simu ilikuwa imehifadhi jibu la mwanzo. Nikaongeza ?v=2 mwishoni mwa linki ili simu idhani ni linki mpya, ndipo faili likashuka. Tukaruhusu vyanzo visivyojulikana kwenye mipangilio, programu ikaingia.

Miaka ikapita, nikahamia Nginx, programu nyingine ya kuendesha seva, na huko nikafanya kosa baya zaidi. Faili lake la mime.types, yaani orodha ya aina za mafaili, halikuwa na .apk, basi kwenye mipangilio nikafungua mabano ya types (ya kuongezea aina) ndani ya sehemu ya server inayohusu tovuti yangu, nikaandika mstari wangu mmoja, nikaenda kulala. Asubuhi tovuti nzima imekufa: ukifungua ukurasa wa mwanzo, simu inaupakua kama faili. Sikujua kwamba types ukiiandika ngazi ya chini, ile orodha ya juu yote inafutika. Seva ikabaki inajua .apk peke yake, hata .html haijui. Ukitaka kuongeza aina, anza na include mime.types (inayoingiza ile orodha), hapo hapo ndani ya server, kisha ndiyo ufungue types yako chini yake. Zikiwa ngazi moja zinajumlishwa. Halafu andika nginx -t, inayokagua kama mipangilio imeandikwa sawa, kabla ya kuiwasha upya, hata kama una haraka kiasi gani.

Siku hizi sipimi kwa simu kwanza. Naandika kwenye kompyuta amri hii, inayoiuliza seva maelezo ya faili bila kulipakua:

curl -I https://tovutiyako/kikundi.apk

na kuangalia mstari wa Content-Type tu. Mstari huo ukisema sivyo, tatizo ni la seva, wala usimsumbue mtu abadilishe simu. Ukisema sawasawa na simu bado inagoma, shuku jibu la zamani lililohifadhiwa na simu, au jina la faili. Niliwahi kukuta mtu kaandika .apk.zip.

Faili jingine la kuangalia ni .opus, maana sauti za WhatsApp huja hivyo na watu wanazipandisha kama zilivyo, mawaidha, matangazo ya misiba, kila kitu. Nginx niliyoikuta mimi ilijua .ogg, haikujua .opus, kwa hiyo msikilizaji akibonyeza linki anaishia kupakua faili badala ya kusikia sauti. Kwenye types yako, .opus iandikie audio/ogg.