Kizunguzungu na tezi ya thairoidi iliyopungua nguvu: usiguse dozi kabla hujajua aina yake

Mtu mwenye tezi ya thairoidi iliyopungua nguvu akipata kizunguzungu, wanaomshauri humwambia moja kati ya mawili: ni hiyo tezi, au ni presha. Mara nyingi si tezi wala si presha. Ni kweli kwamba homoni ikipungua sana mapigo ya moyo hupoa, mwili huwa mzito na kichwa chepesi. Lakini kama TSH yako (homoni inayotoka kwenye tezi ya ubongo kuiamuru thairoidi, hupimwa kwenye damu) imeshatulia ndani ya kiwango (maabara nyingi huandika 0.4 hadi 4.0) na bado unaona kisunzi, kuongeza dozi hakutakusaidia. Kunaweza kukuongezea kizunguzungu cha aina nyingine, cha moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na jasho.

Kuna hali zisizongoja kusoma makala. Kizunguzungu kikianza ghafla pamoja na uso kupinda, ulimi kuwa mzito, mkono au mguu kukosa nguvu, kuona kitu kimoja kama viwili, kushindwa kabisa kusimama, maumivu makali mapya ya kichwa, maumivu ya kifua au kuzimia, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Usilale ukisubiri kupambazuke.

Kama hali si hiyo, anza na kidonge chenyewe, maana hapo ndipo mengi huharibika. Levothairoksini, yaani dawa ya homoni ya tezi, hutoka mwilini polepole: baada ya siku 7 hivi nusu yake ingali ndani. Kwa hiyo ukisahau kidonge cha jana na leo ukapata kizunguzungu, kidonge hicho hakihusiki, tafuta kwingine. Kwa sababu hiyo hiyo TSH hurudiwa wiki 6 hadi 8 baada ya kubadili dozi. Ukipima baada ya wiki 2 namba bado inasafiri, na anayeisoma kwa haraka atakuongezea dawa usiyoihitaji.

Kidonge humezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa halina kitu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kifungua kinywa. Kahawa, maziwa na uji wa lishe wenye soya huzuia sehemu ya dawa isiingie kwenye damu. Vidonge vya madini ya chuma, vya kalisi na dawa za kiungulia vinataka nafasi ya saa 4 kutoka kwenye kidonge cha tezi. Mama mjamzito anayepewa vidonge vya kuongeza damu kliniki na kuvimeza pamoja na levothairoksini anapoteza sehemu ya dawa ya tezi, tena wakati ambao mwili wake unahitaji homoni zaidi kuliko kawaida. Akijua tu kwamba ana mimba amwone daktari, kwa sababu dozi huhitaji kupandishwa mapema. Mwezi wa Ramadhani kidonge kinaweza kuhamia wakati wa kulala, saa 3 baada ya chakula cha mwisho, au nusu saa kabla ya daku. Chagua wakati mmoja uushike mwezi mzima. Kopo lisikae juu ya friji wala dirishani jua linapopiga, maana joto huidhoofisha dawa.

Mambo hayo yakishakaa sawa kwa wiki 6 na TSH ni nzuri, lakini kizunguzungu kipo palepale, sasa ndipo pa kujiuliza: kinakuja nikifanya nini, na kinakaa muda gani? Maswali hayo mawili husaidia kuliko rundo la vipimo.

Kinachokuja ukisimama, macho yakiingia giza kisha yakarudi, ni cha presha kushuka. Kipime nyumbani au zahanati. Lala dakika 5, pima presha na mapigo. Simama, pima tena baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, umepata jibu. Sababu inaweza kuwa maji kidogo, kuhara, au dawa. Na hapa kuna jambo linalopita bila kuonekana: tezi ikiwa imelegea, namba ya chini ya presha hupanda, na mgonjwa huanzishiwa dawa za presha. Homoni ikirudi sawa, presha hushuka yenyewe, lakini vidonge vya presha vinaendelea kwa dozi ile ile, na mtu anaanza kuanguka bafuni. Usiviache kwa uamuzi wako. Andika namba zako za kulala na za kusimama kwa siku chache, mpelekee daktari, umwombe aipitie dozi upya.

Kama kichwa ni chepesi kutwa nzima, unahema ukipanda ngazi na moyo unadunda, pima damu. Tezi iliyolegea huongeza hedhi, na hedhi nzito ya miezi mingi humaliza madini ya chuma. Hemoglobini chini ya 12 kwa mwanamke asiye mjamzito, au chini ya 13 kwa mwanamume, ni upungufu. Pia, kinga ya mwili inayoshambulia tezi huweza kushambulia na tumbo, vitamini B12 ikashindwa kufyonzwa. Dalili zake ni ganzi miguuni, ulimi kuuma na kuyumba gizani. Anayetumia metfomini kwa kisukari ana sababu ya ziada ya kuipima.

Sasa kile cha kitandani. Ukigeuka usiku, ukiinama kuokota kitu, au ukiangalia juu kuanika nguo, chumba kinazunguka chini ya dakika moja kisha kinatulia: hilo ni sikio la ndani. Kuna chembe ndogo za chokaa zilizotoka mahali pake na kuingia kwenye mirija ya mizani ya mwili, na kila ukisogeza kichwa zinausukuma umajimaji uliomo. Hazirudishwi kwa dawa. Hurudishwa kwa kukigeuza kichwa kwa mpangilio, na ni vizuri mara ya kwanza mhudumu wa afya athibitishe upande na akuongoze. Mwenye matatizo ya shingo, au aliyefanyiwa upasuaji wa tezi karibuni, asijaribu peke yake.

Kwa sikio la kulia, yaani kizunguzungu huwa kikali ukilala na kugeukia kulia: kaa kitandani miguu imenyooka, mto nyuma yako mahali mabega yatakapoangukia. Geuza kichwa kulia nusu ya njia kwenda begani. Lala chali kwa haraka, mabega juu ya mto, kichwa kikiinamia nyuma kidogo. Kizunguzungu kitakuja kwa nguvu. Acha macho wazi hadi kiishe, kisha hesabu sekunde 30. Bila kunyanyua kichwa, kigeuze mpaka kielekee kushoto kwa kiasi kile kile, sekunde 30. Lalia ubavu wa kushoto, pua ikielekea sakafuni, sekunde 30 tena. Inuka ukae, kidevu chini, na utulie dakika kadhaa kabla ya kusimama. Kwa sikio la kushoto, pande zinabadilishana. Kinachoharibu zoezi hili ni kunyanyua kichwa katikati ya hatua, kwa kuwa chembe hurudi nyuma ndani ya mirija. Wengine huacha kisunzi kinapoanza, ilhali hicho ndicho kinachoonyesha kwamba zimeanza kusogea.

Zipo sababu mbili za nadra ambazo lazima zitajwe, kwa kuwa kidonge cha tezi chenyewe kinaweza kuzifanya kuwa hatari. Tezi zilizo juu ya figo zikishindwa kazi, mtu hupata kizunguzungu akisimama, hukonda, hutamani chumvi, na mistari ya viganja na ufizi huwa myeusi kuliko zamani. Kuanzishiwa levothairoksini katika hali hiyo kabla ya kupewa homoni inayokosekana huweza kumwangusha kabisa. Sababu ya pili ni kwa mama aliyetokwa na damu nyingi sana alipojifungua, maziwa hayakutoka na hedhi haikurudi. Huenda tezi ya ubongo iliumia, na kwa mama huyu TSH huonekana nzuri wakati T4, homoni ya thairoidi yenyewe, iko chini. Mweleze daktari historia hiyo ya uzazi hata kama imepita miaka mingi, kwani TSH peke yake haitaifichua. Na aliyetolewa tezi kwa sababu ya goita, akihisi midomo na vidole vinachomachoma na misuli kukaza, apimwe kalisi ya damu haraka.

Dawa za kizunguzungu zinazouzwa famasi, kama sinarizini, ni za siku mbili tatu za kichefuchefu kikali. Zikiendelea kwa wiki nyingi hulegeza akili, kwa wazee huleta mtetemo na ugumu wa mwili, na ubongo unachelewa kujifunza mizani upya.

Vipimo vikiwa safi na kuyumba kunaendelea, hasa sokoni au penye watu wengi, ubongo unahitaji mazoezi. Andika herufi moja kubwa kwenye kadi, ishike mbele ya macho kwa urefu wa mkono, na utikise kichwa kulia na kushoto huku herufi ikibaki wazi. Dakika 1, mara 3 kwa siku, ukiwa umekaa. Kisunzi kidogo kinatarajiwa. Kikizidi, punguza kasi. Baada ya wiki fanya ukiwa umesimama karibu na ukuta, halafu miguu ikiwa imebanana, halafu ukitembea kwenye korido. Ikipita wiki 6 bila nafuu, omba rufaa kwa mtaalamu wa masikio au wa mishipa ya fahamu, ukiwa na daftari la saa kilipoanza, ulichokuwa unafanya, muda kilipokaa, presha na mapigo yako.